Naironi ya kubana si dawa ya silinda inayovuja

Mhariri,

Tafadhali tupatie nafasi tumjibu msomaji aliyeandika hapa kwamba silinda ya haidroliki (ile inayosukumwa na mafuta) ikianza kuvuja kwenye rodi, yaani ule mti wa chuma unaotoka na kuingia, dawa yake ni kumpelekea mkerezaji kipande cha naironi achonge pete inayobana kabisa, kisha uigonge mahali pake kwa nyundo. Ushauri huo si wake peke yake. Umezagaa katika gereji za Tanga, kwa wenye tipa za mawe ya chokaa upande wa Amboni na Maweni, kwa wenye vijiko, hata kwa wanaohudumia mitambo ya mashamba ya mkonge. Pete hiyo huzuia mafuta siku ya kwanza, ndiyo maana ushauri haufi. Tatizo ni siku zinazofuata.

Pete ngumu haizibi kwa sababu ni ngumu, wala kwa sababu imebanwa. Inaziba pale tu inapopata kitu cha kuisukuma kwenye rodi muda wote, na kitu hicho kiwe na uwezo wa kuifuata kadiri inavyolika. Jambo hili ni la zamani. John Ramsbottom, mhandisi wa reli wa Uingereza, alipotengeneza pete za pistoni za injini ya mvuke katika miaka ya 1850, alizifanya ziwe kubwa kuliko silinda kwa karibu sehemu moja ya kumi, akazikata, akazibana ndipo zikaingia. Chuma kikitaka kutanuka kirudi kwenye umbo lake, ndicho kilichoisukuma pete ukutani. Pete za injini za leo hufanya vilevile, zikisaidiwa na gesi inayoingia nyuma yake. Lakini zina mkato, na mkato hupitisha: silinda ya kipenyo cha milimita 100 huachiwa upenyo wa milimita 0.3 hadi 0.4 hapo. Kwa injini si neno. Kwa silinda iliyoinua bodi lenye mawe na haitakiwi kushuka hata kidogo, ni neno kubwa.

Kwenye haidroliki kazi ya kusukuma hupewa mpira. Pete ya tefloni, plastiki inayoteleza sana, inagusa rodi, na oringi, pete ya mpira ya mviringo, inakaa nyuma yake katika mfereji uleule ikiwa imebonyezwa kidogo. Pampu ikiwa imezimwa, mbonyeo huo ndio unaoziba. Pampu ikifanya kazi, mafuta yanaingia ubavuni mwa oringi na kuigandamiza, nayo inaipeleka pete kwenye rodi kwa nguvu inayopanda pamoja na shinikizo la mafuta. Shinikizo likishuka, nayo inalegea. Pete ya naironi iliyogongwa kwa nyundo haijui hayo. Inabana vilevile shinikizo la ndani likiwa bar 5 au bar 200, na kwa kawaida hiyo ni nguvu ya kupita kiasi kwa hali ya kwanza na haitoshi kwa hali ya pili.

Halafu kuna joto. Chukua rodi ya milimita 50 na pete ya naironi yenye kipenyo cha nje cha milimita 65, imejaa bila nafasi kwenye glendi, kile kifuniko cha chuma ambamo rodi hupita. Asubuhi kila kitu kiko nyuzi 28. Mchana mafuta yamefika nyuzi 80. Naironi hutanuka kwa takriban 0.00008 ya kipimo chake kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kipenyo cha milimita 65 kinataka kuongezeka 0.27. Glendi ya chuma imeongezeka 0.04 tu. Pete imezuiwa kutoka nje, basi inaingia ndani na kuikaba rodi. Ikikaba inasuguana, ikisuguana inazidi kupata moto, na plastiki yenye moto huku imebanwa hutulia katika umbo jipya. Usiku vyuma vikipoa, pete inasinyaa ikiwa tayari imepungua, inaacha mwanya. Ndiyo maana silinda zilizotengenezwa hivi huvuja asubuhi na kung'ang'ania mchana, na mwenye gari hudhani pampu imekufa.

Hewa yetu ya pwani inaongeza lake. Naironi hunywa unyevu: katika hewa ya kawaida hufikia karibu asilimia 3 ya uzito wake, na ikilowekwa majini muda mrefu, aina ya naironi 6 hufika karibu asilimia 9. Ikinywa inavimba. Pete iliyochongwa leo kutoka kwenye fito kavu, kwa kipimo cha kubana, haitabaki na kipimo hicho. Hatusemi naironi itupwe. Ni nzuri kama pete ya mwongozo inayoishika rodi katikati, na kama pete ya kuegemea nyuma ya sili (pete ya kuziba) ili isisukumwe mwanyani, mradi iachiwe nafasi yake. Kuziba peke yake ndiko isikokuweza.

Kuna wanaoruka upande wa pili, wakaweka oringi tupu kwenye rodi inayotembea. Oringi ya ugumu wa 70 kwa kipimo cha Shore A ikifika karibu bar 100 huanza kusukumwa ndani ya mwanya wa vyuma, inang'atwa na kumeguka vipande vidogo. Hata shinikizo likiwa dogo, rodi ikienda na kurudi huiviringisha, na ukiitoa utaikuta na alama za mzunguko kama kamba iliyosokotwa. Oringi ni fundi wa kusukuma na wa kuziba pasipotembea. Kusuguana na rodi ni kazi ya pete ngumu.

Sasa vipimo, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kiwango cha kimataifa cha ISO 7425 kimekwisha kupanga mifereji ya aina hii, hakuna haja ya kubuni. Kwa rodi za kuanzia milimita 38 hadi chini kidogo ya 200, sehemu ya pili ya kiwango hicho inatoa mfereji wenye kipenyo kinachozidi rodi kwa milimita 15.1 na upana wa 6.3, pamoja na oringi ya unene wa 5.33. Kwa rodi za 19 hadi chini kidogo ya 38, kipenyo kinazidi kwa 10.7, upana ni 4.2, na oringi ni ya 3.53. Tuendelee na rodi yetu ya 50. Mfereji utakuwa na kipenyo cha 65.1, yaani kina cha 7.55 kutoka kwenye rodi. Pete ya tefloni tukiipa unene wa 3.0, oringi inabakiwa na nafasi ya 4.55. Ilikuwa 5.33, kwa hiyo imebonyezwa 0.78, ambayo ni karibu asilimia 15. Hapo panafaa. Ukiifanya pete iwe nene ya 3.6 "ili ibane zaidi", mbonyeo unapanda hadi asilimia 26. Hujaongeza kuziba chochote, umeongeza breki. Ukiifanya 2.5, mbonyeo unashuka hadi asilimia 5 na silinda itatoka jasho la mafuta kila pampu ikizimwa.

Kagua na ujazo pia. Oringi ya 5.33 ina eneo la milimita za mraba 22.3 ukiikata. Nafasi iliyobaki nyuma ya pete ni 4.55 mara 6.3, yaani 28.7. Mpira umejaza asilimia 78. Usipite 85, maana mpira haugandamiziki: hubadilika umbo tu. Ukipata joto ukatanuka huku hauna pa kwenda, unageuka kabari na kuichana pete. Upana wa pete ya tefloni uwe 6.0, si 6.3. Zile 0.3 si uzembe wa mkerezaji, ni njia ya mafuta kufika kwenye oringi na nafasi ya pete kutanuka. Tumeona pete nzuri kabisa zikishindwa kwa sababu tu zilijaa ubavu kwa ubavu, mafuta yakakosa pa kuingilia.

Umbo la ndani la pete lina maana yake. Upande wa mafuta hukatwa ngazi inayoishia kwenye ukingo mkali, na kuanzia ukingo huo kunashuka mteremko wa nyuzi chache kuelekea nje. Rodi ikitoka, ukingo mkali unapangusa mafuta na kuacha utando mwembamba sana. Rodi ikirudi, utando huo unaingia chini ya mteremko, unavutwa na kupenya kurudi ndani. Ukigeuza pete, mteremko ukatazama mafuta, umeweka pampu ndogo ya kutoa mafuta nje, na itayatoa bila kuchoka. Basi weka alama ya wino upande wa nje kabla pete haijatoka kwenye mashine. Ukingo uwe na kipenyo kidogo kuliko rodi, 49.8 hivi kwa rodi ya 50, na usiupitishie msasa kwa nia ya kuupendezesha.

Mwanya kati ya rodi na chuma cha glendi, upande wa nje wa pete, ndio unaoamua maisha ya kazi yote. Tefloni ni laini kiasi cha kumwagika polepole ikisukumwa. Kwa bar 200 sisi hatuvuki milimita 0.3 kila upande. Kumbuka rodi haikai katikati: mwanya wa 0.3 pande zote unakuwa 0.6 upande mmoja rodi ikilalia upande mwingine. Dawa si kuukaza mwanya mpaka chuma kiguse rodi, kwa sababu hapo utakwangua kromu iliyopakwa juu ya rodi. Weka pete ya mwongozo, ya naironi au ya kitambaa kilichogandishwa kwa resini, ibebe uzito wa pembeni. Ukibadilisha sili huku pete ya mwongozo imelika, utabadilisha tena karibuni.

Kuhusu malighafi, madukani zinauzwa fito nyeupe na nyeusi ambazo hata muuzaji hazijui. Kata kipande kidogo ukitie kwenye ndoo ya maji. Kikielea, ni poliethilini au plastiki ya jamii yake, ambayo hulainika mapema kwenye joto, usiitumie karibu na mafuta ya moto. Kikizama, kishike mkononi: tefloni ina uzito karibu mara mbili ya naironi ya ukubwa uleule, na inateleza kama sabuni iliyolowa. Tefloni safi nyeupe haifai sana kwa silinda ya shinikizo kubwa, inamwagika upesi. Ile ya kahawia iliyochanganywa na bronzi, asilimia 40 hadi 60 kwa uzito, inastahimili zaidi na hutoa joto kwa haraka. Iliyochanganywa na nyuzi za kioo nayo ni imara, ila inakwangua rodi isiyo na kromu ngumu.

Kuikereza si sawa na chuma. Taya tatu za mashine zikiibana kwa nguvu, fito inakuwa na pembe tatu. Unachonga duara safi, unalegeza, na duara linageuka umbo la pembe tatu za mviringo. Bana kidogo, au tumia kishikio cha mduara mzima. Kisu kiwe kikali kuliko cha chuma. Chonga ukiacha nusu milimita, iache pete ipumzike mpaka kesho yake, ndipo umalize. Pima ikiwa imepoa, na maikromita iguse tu bila kubonyeza. Tefloni ina tabia nyingine inayowasumbua watu wa nchi za baridi: karibu na nyuzi 19 muundo wake hubadilika na ujazo wake hucheza kwa karibu asilimia 1. Tanga mjini hatushuki huko, lakini mashine inayokwenda kulala Lushoto mwezi wa saba inashuka. Ni sababu nyingine ya kuiachia oringi kazi ya kufuata, badala ya kutegemea kipimo cha pete peke yake.

Na mtu asivute sigara akiwa na unga wa tefloni mikononi. Chembe zikiungua kwenye moto wa sigara hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana saa chache baadaye, na wengi hudhani ni malaria. Nawa kwanza.

Kuiweka pete: oringi inatangulia kwenye mfereji, ikiwa imepakwa mafuta yaleyale ya mfumo. Pete ya tefloni inakunjwa kwa vidole iwe na umbo la figo bila kuvunja kona, inaingizwa, kisha inafunguliwa na kusawazishwa kwa fimbo laini iliyochongwa kwa kipimo cha rodi. Rodi ikiwa chini ya milimita 30 hivi, pete ni ngumu kukunjika, inabidi glendi itengenezwe vipande viwili. Pete ya pistoni, inayotanuliwa kupita juu ya chuma, hupashwa kwanza kwenye mafuta au maji ya moto ya nyuzi 80 hadi 100, inapitishwa kwenye koni, halafu inarudishwa kwenye kipimo kwa bomba lenye mdomo wa mteremko. Usiikate ili iingie kirahisi. Pete ya kuegemea inaruhusiwa mkato wa mshazari, pete ya kuziba hairuhusiwi. Mwisho wa rodi uchongwe mteremko wa nyuzi 15 hadi 20, na nyuzi za skrubu zifungwe utepe kabla ya kupita, maana mkwaruzo mmoja tu wa skrubu kwenye ukingo unatosha kuivujisha silinda mpya.

Rodi yenyewe ipitishe ukucha. Mkwaruzo unaonasa ukucha utaila pete yoyote, hata ya kiwandani. Kromu ina unene wa kama milimita 0.02 hadi 0.03 tu, kwa hiyo kutu ikishaingia chini yake, msasa hausaidii. Rodi iende ikapakwe kromu upya. Ukilazimika kusugua alama ndogo, sugua kwa kuizunguka rodi, kamwe si kwa urefu wake: mistari ya urefu ni mifereji ya kutolea mafuta. Magari yanayolala karibu na bandari yaegeshwe rodi zikiwa zimeingia ndani, chumvi ya bahari isilale juu ya kromu. Na sili ya vumbi pale mdomoni isipuuzwe kwa kuwa "haizibi mafuta". Vumbi la chokaa likipita hapo, kila kilichoelezwa hapo juu ni kazi bure.

Mipira yote ni myeusi, na hapo pana mtego. Oringi ya nitrili inafaa kwa mafuta ya kawaida ya haidroliki mpaka nyuzi 100 hivi. Ile ya mfumo wa breki, aina ya EPDM, ikitiwa kwenye mafuta ya haidroliki huvimba na kulainika. Nayo nitrili ikitiwa kwenye mafuta ya breki huharibika vilevile. Kama huna uhakika, pima unene wa oringi kwa kalipa ya venia, iloweke usiku kucha kwenye mafuta yatakayotumika, yakiwa ya moto kidogo, kisha pima tena. Ikiwa imevimba waziwazi, irudishe dukani.

Pete ya zamani isitupwe kabla ya kusomwa. Ikiwa na pindo jembamba lililochomoza upande wa nje, mwanya ulikuwa mkubwa au shinikizo lilizidi. Imelika upande mmoja, rodi imepinda au mwongozo umekwisha. Ina mistari ya urefu, ni vumbi au kromu mbovu. Imeungua nyeusi ukingoni, kulikuwa na hewa ndani ya mafuta, ikagandamizwa ghafla ikawaka. Toa hewa kwenye mfumo kabla ya kufunga nyingine.

Pistoni ya milimita 100 kwa bar 150 inasukuma karibu tani 12. Kwa hiyo mtu asiingie chini ya bodi lililoinuliwa bila nguzo ya chuma, hata kama sili ni mpya ya jana. Uvujaji mdogo kama sindano usitafutwe kwa kiganja. Pitisha kipande cha boksi. Mafuta ya shinikizo hilo hutoboa ngozi, na kidonda kinachoonekana kidogo ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama hakiumi.

Anayekwenda kwa mkerezaji asibebe pete ya zamani peke yake, kwa kuwa imelika na itatoa nakala ya ubovu. Apeleke rodi na glendi, aseme ni mafuta gani, shinikizo linaloandikwa kwenye pampu ni bar ngapi, na silinda hupata joto kiasi gani ikishafanya kazi saa moja. Mkerezaji asiyeuliza hayo, akakimbilia kupima pete kuukuu kwa rula, mwachie naironi yake.

Mafundi wa haidroliki na ukerezaji,
Ngamiani, Tanga